Jeraha Lisiloonekana: Namna ya Kudai Fidia Ukiumia Mgongo au Shingo Kazini

Mashine ikikata kidole, kiwanda kizima kinajua. Damu imeonekana, msimamizi ameitwa, mwenzako amekufunga kitambaa, na hata mwajiri mkaidi hana namna ya kusema kidole kiko. Mgongo hauna ushahidi wa aina hiyo. Hamali anashuka ubao wa lori na gunia begani, anahisi kitu kimemshika kiunoni, anakaa chini kidogo, anainuka na kuendelea kwa sababu malipo ni ya kila gunia. Usiku hawezi kujigeuza kitandani. Kesho yake hawezi kuinama afunge viatu. Siku ya tatu anapiga simu kazini kusema anaumwa, na anayepokea simu anaandika neno moja tu daftarini: mgonjwa. Kuanzia hapo, kwa mujibu wa karatasi, mtu huyu hakuumia kazini.

Hapo ndipo fidia nyingi za mgongo na shingo zinapopotelea, kabla wakili, bima au daktari bingwa hajaingia. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mfanyakazi wa Kenya aliyeumia namna hiyo, na kwa mkewe, mumewe au ndugu anayemsaidia kufuatilia. Hoja yangu ni moja: jeraha ambalo jicho halilioni lazima liandikwe, na liandikwe mapema.

Sheria inayokulinda ni ile ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ambayo siku hizi kila mtu anaiita WIBA. Wengi hawajui uzito wake. Chini ya sheria hii hulazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa. Inatosha kwamba ajali ilitokana na kazi yako na ilikupata ukiwa kazini. Hata kama uliinama vibaya au uliteleza kwa haraka zako, haki yako ipo. Kinachoweza kuiondoa ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauiondoi pale ambapo mtu amepata ulemavu mkubwa au amefariki. Kwa hiyo msimamizi akikuambia, “Ulibeba vibaya mwenyewe, utamdai nani?” usirudi nyumbani ukiwa umekubali. Anakupotosha, pengine bila kujua.

Kibarua wa kutwa naye yumo. Mkataba wa kazi si lazima uwe wa maandishi, na kulipwa jioni kwa M-Pesa bila barua ya ajira hakukuondoi katika sheria. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeteguka shingo akishusha mtungi wa gesi yumo. Muuguzi aliyejaribu kumgeuza mgonjwa mzito usiku, akiwa peke yake wodini, yumo. Mchuma chai wa Kericho, mkata maua wa Naivasha anayeshinda ameinama, dereva wa lori la masafa, wote wamo. Na ikiwa mwajiri anawabeba bure kwa gari alilolitenga kuwapeleka na kuwarudisha kazini, ajali ya njiani katika gari hilo inahesabiwa kuwa ajali ya kazini. Abiria aliyejilipia nauli ya matatu akaumia shingo matatu ilipogongwa ana njia nyingine, ya bima ya magari. Asizichanganye njia hizi mbili.

Sasa turudi kwa hamali wetu, kwa sababu kisa chake kinafundisha karibu kila kitu.

Gunia la mahindi nchini Kenya ni kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa mwanamume mzima anayebeba kwa mkono usikizidi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la viazi lisizidi kilo 50, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Hata hivyo, pita leo kwenye godauni zetu uone migongo inayobeba nini. Sisemi haya ili ukamshitaki mwenye godauni kwa uzembe. Nayasema kwa sababu uzito wa mzigo ni sehemu ya maelezo yako. Daktari akisikia “nilikuwa nabeba gunia” anapata picha isiyo kamili. Akisikia “kilo 90, begani, nikishuka ubao, mguu ukateleza nikajipinda” anaelewa kilichoukuta uti wa mgongo.

Jambo la kwanza basi ni kumwambia mwajiri. Sheria inakubali taarifa ya mdomo na ya maandishi, lakini mimi nakuomba uwe nayo ya maandishi hata kama umeshasema kwa mdomo. Si lazima iwe barua. Ujumbe wa simu unatosha, tena una faida ya kubeba tarehe na saa yake. Andika hivi, kwa mfano: “Supavaiza, leo Jumanne saa nne asubuhi nilipokuwa nikishusha mahindi kwenye lori hapa godauni, niliteleza kwenye ubao nikiwa na gunia, nikaumia kiuno. Maumivu yanashuka mguu wa kushoto. Fulani na fulani waliniona. Naenda hospitali.” Basi. Usiweke malalamiko wala vitisho, na usitaje fidia. Umesema siku, saa, mahali, kazi, namna ulivyoumia, sehemu inayouma na mashahidi. Ujumbe huo utakapotolewa miezi minane baadaye mbele ya afisa wa bima anayedai kwamba uliumia ukichimba choo kwenu mashambani, utakuwa na nguvu kuliko kiapo.

Chukua namba za simu za waliokuona. Hili wengi hulidharau. Vibarua hawakai mahali pamoja. Aliyekushika mkono leo Shimanzi, wiki ijayo yuko Changamwe, na mwezi ujao amerudi kwao. Kama kampuni ina daftari la ajali, omba jina lako liingizwe, na uupige picha ukurasa huo ukiruhusiwa. Kama umeletwa na ajenti anayeleta vibarua kwa kampuni nyingine, andika jina la ajenti na la kampuni pia, maana kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kuna ajali ambazo hazingoji ujumbe wala daftari. Mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyegongwa na mzigo, akilalamika shingo au akisema mikono na miguu ina ganzi, asinyanyuliwe kwa kwapa na kutupwa nyuma ya pikapu. Nimewahi kusimulia hili katika mikutano ya wafanyakazi na watu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja amewahi kuona mwenzake akibebwa hivyo. Mfupa wa shingo uliovunjika unaweza kuwa bado haujaigusa mishipa ya fahamu. Kumkunja ndiko kunakomkata. Mwache alale alipo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisicheze, na mtafute wenye ujuzi na ubao wa kubebea. Kama kuna moto au hatari nyingine ya kuwalazimu kumhamisha, mnyanyueni watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa kwenye mstari mmoja.

Na wewe uliyeumia kiuno ukajiona nafuu, jua dalili hizi: mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu unaozidi kulegea. Mojawapo ikitokea, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Mishipa ya mwisho wa uti inabanwa, na ikichelewa kufunguliwa huenda isirudi tena. Hayo ya fidia yatafuata.

Kwa walio wengi hali si hiyo. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache, na madaktari wa siku hizi hawashauri kulala kitandani mchana kutwa. Wanataka utembee kadiri unavyoweza. Lakini lazima uonwe na daktari, na uonwe mapema. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu maandishi ya siku ya kwanza hospitalini ndiyo yatakayosomwa na kila mtu atakayefuata.

Fikiria karatasi mbili. Ya kwanza imeandikwa: “Mgonjwa analalamika maumivu ya kiuno. Amepewa dawa za maumivu.” Ya pili imeandikwa: “Mwanamume, hamali. Leo saa nne asubuhi, akiwa kazini, aliteleza akibeba gunia la kilo 90. Maumivu ya ghafla ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto hadi chini ya goti. Hakuwa na tatizo hili kabla.” Mtu ni yule yule, jeraha ni lile lile, na dawa huenda ni zile zile. Lakini karatasi ya kwanza inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyeamka na kiuno kibaya. Ya pili inaonyesha kazi, chanzo na siku. Tofauti haikuletwa na ujuzi wa daktari. Imeletwa na alichoambiwa. Daktari wa hospitali ya umma ana foleni hadi nje ya mlango. Akikuuliza “unaumwa na nini?” usijibu “mgongo” ukanyamaza. Sema: “Daktari, nimeumia kazini,” kisha umweleze kwa sentensi mbili, na umwombe kwa adabu ayaandike hayo.

Utaje kila sehemu inayouma. Aliyeanguka akaumia kiuno na shingo, akataja kiuno peke yake kwa sababu ndicho kilichokuwa kikimtesa siku hiyo, atapata taabu mwezi wa tatu shingo ikianza kumnyima usingizi. Maumivu ya shingo hasa yana tabia ya kuchelewa. Gari likigongwa nyuma, mtu anaweza kushuka akiwa mzima na kuamka kesho yake hawezi kugeuza kichwa. Ukiona hivyo rudi hospitali mara moja, useme lini yalianza na yamefuata nini.

Kuhusu vipimo, kuna jambo linalowachanganya watu. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi vizuri diski zilizo kati ya pingili, wala mishipa ya fahamu, wala misuli. Kwa hiyo kuambiwa “eksirei iko sawa” hakuna maana kwamba huumwi, na mwajiri asiitumie kukurudisha kubeba magunia. MRI huonyesha diski, lakini ni ghali na si kila mtu anaihitaji. Daktari ataitaka akiona dalili kwamba mshipa umebanwa. Tena MRI ina mtego wake. Diski za watu wengi waliovuka miaka arobaini huonekana zimechakaa hata kama hawajawahi kuumwa. Bima inalijua hilo vizuri. Ripoti ikitaja kuchakaa, watasema ni umri.

Jibu lake lisiwe kuficha. Kama uliwahi kuumwa kiuno miaka ya nyuma, mwambie daktari, kwa sababu rekodi za zamani zikifichuliwa baadaye hata ukweli wako hautaaminika. Jibu ni kuonyesha tofauti: kabla ya siku ile nilikuwa nashusha magunia kutwa nzima, siku sita kwa wiki, bila kukosa, baada ya siku ile siwezi kukaa kwenye kiti nusu saa. Daftari la vibarua linaloonyesha ulikuja kazini kila siku hadi siku ya ajali linaweza kukufaa kuliko picha ya mgongo.

Gharama za matibabu ni za mwajiri. Sheria inataja matibabu ya hospitali, upasuaji, uuguzi, dawa, vifaa kama magongo, pamoja na nauli na matumizi ya safari za matibabu. Mwajiri akikuambia utumie bima yako ya afya ya SHA yaishe, mwambie kwamba jeraha la kazini lina mlipaji wake. Weka kila risiti, hata ya tuktuk. Mwenye tuktuk asiye na risiti mlipe kwa simu ili alama ibaki. Tafuta bahasha moja kubwa, weka humo kila karatasi, na upige picha kila karatasi kabla ya kuitoa kwa mtu. Usimpe mtu nakala yako halisi bila kubaki na picha, hata awe afisa mwenye tai.

Ukishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, sheria inakupa malipo ya vipindi badala ya mshahara uliopotea, kwa muda usiozidi miezi 12. Hapa waajiri wengi hutoa zile siku chache za likizo ya ugonjwa kisha wakafunga mkono. Likizo ya ugonjwa ni jambo jingine. Omba daktari akuandikie kila mara muda wa kupumzika, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na usiache pengo kati ya karatasi moja na nyingine.

Tuje kwenye fomu. Mwajiri anatakiwa kumtaarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu apate habari za ajali. Fomu inayotumika inaitwa DOSH/WIBA 1; mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anajaza yake. Isome kabla haijaondoka. Angalia tarehe ya ajali, maelezo ya jinsi ulivyoumia, na mshahara. Juu ya mshahara nitasisitiza, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa mara ya pili.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, yakizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Mtu mwenye mapato ya Sh18,000 kwa mwezi, miezi 96 ni Sh1,728,000. Akipewa ulemavu wa asilimia 10, fidia ni Sh172,800. Akipewa asilimia 15, ni Sh259,200. Sasa mwajiri akiandika mshahara wa Sh12,000 badala ya 18,000, asilimia ile ile 10 inakuwa Sh115,200. Zaidi ya elfu hamsini zimeondoka kwa kalamu, bila mtu kukugombeza. Thamani ya chakula na nyumba unayopewa na mwajiri inahesabiwa, na saa za ziada kama ni za kawaida yako. Kibarua asiye na hati ya mshahara achapishe taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Malipo ya kila jioni yatajumlishwa.

Asilimia nayo ina kisa chake kwa mgongo. Sheria ina jedwali lenye viwango vya vidole, mikono, miguu, macho na masikio. Aliyepoteza kidole hufunguliwa jedwali na kusomewa namba yake. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni hayana mstari wake wa wazi humo, na kwa majeraha ya namna hiyo Mkurugenzi ndiye anayekadiria, asipingane na mwelekeo wa jedwali. Makadirio hayo yanategemea daktari ameandika nini. “Maumivu ya kudumu” peke yake ni maneno mepesi. Ripoti yenye uzito inaeleza: anaweza kuinama kiasi gani, mguu ukiinuliwa akiwa amelala chali maumivu yanaanza wapi, nguvu ya kidole gumba cha mguu imepungua kiasi gani, ganzi iko sehemu gani, anaweza kubeba kilo ngapi, kusimama au kukaa kwa muda gani, na kazi yake ya awali ataiweza au hataiweza. Mwombe daktari ayaguse hayo. Wala usiharakishe kukadiriwa ukiwa bado katikati ya matibabu; subiri daktari aseme hali imetulia, mradi usivuke muda wa kudai.

Ukiitwa kupimwa na daktari wa mwajiri au wa bima, nenda. Kukataa kutakuponza. Ila nenda na nakala zako, na mbele yake usizidishe wala usipunguze. Madaktari wana njia nyingi za kupima jambo moja kwa namna mbili, na anayelia hata akiguswa ngozi anaharibu kesi yake ya kweli. Vilevile yule mwanamume anayeona haya kukiri kwamba hawezi tena kumbeba mwanawe anajidhulumu. Sema lilivyo.

Muda wa kudai ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri akikataa kujaza fomu, akikuzungusha kila Ijumaa, usimngoje. Nenda mwenyewe ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini katika kaunti yako, na bahasha yako mkononi, ukaripoti. Madai yakishawasilishwa kwa mwajiri au bima, sheria inawapa siku 90 kulipa, na Mkurugenzi akipokea pesa ana siku 30 kukufikishia. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuandika pingamizi, na akishajibu, ukiwa bado huridhiki, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi.

Kwa nini nasema rufaa na si kesi? Kwa sababu zamani mtu aliyeumia alikimbilia mahakama ya hakimu kumshitaki mwajiri kwa uzembe. Chama cha Mawakili kilipinga sheria hii mahakamani kwa miaka mingi, na mnamo tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikata shauri: madai ya kuumia kazini yaanzie kwa Mkurugenzi. Tangu hapo wako waliofungua kesi moja kwa moja mahakamani, kesi zikatupwa, na miezi 12 ikawa imekwisha pita. Wakili akikuambia mwanzo wa safari kwamba twende mahakamani kwanza, muulize kwa nini.

Wakili mzuri ana faida, hasa bima ikikana kwamba uliumia kazini, au tuzo ikitolewa kisha mwajiri asilipe. Udhaifu mkubwa wa utaratibu huu uko hapo kwenye utekelezaji: wako wafanyakazi wenye barua ya Mkurugenzi inayotaja kiasi chao, na bado imebidi waende mahakamani kuipa barua hiyo meno. Ni aibu, na Bunge linapaswa kuirekebisha. Lakini jihadhari na wale wanaozunguka hospitalini na getini wakikuahidi “nusu kwa nusu”. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya kumlipa wakili pale tu mtakaposhinda, na yule anayekuletea mpango huo mara nyingi hata si wakili.

Kuna karatasi nyingine ya kuogopa zaidi. Wiki ya pili, bado unatembea umejishika kiuno, anakuja mtu wa ofisi na elfu kumi na barua fupi: umepokea, umeridhika, huna dai lingine. Nyumbani unga umekwisha. Naelewa kwa nini watu wanaweka sahihi, na simlaumu hata mmoja. Lakini hakuna ajuaye katika wiki ya pili kama mgongo utapona. Pokea pesa kama msaada ukiweza, na uandike hivyo: “msaada wa matibabu”. Barua ya kuridhika iache mezani. Wakikutisha kwamba utafutwa, Sheria ya Ajira haikubali kudai haki yako kuwa sababu halali ya kumfuta mtu. Uwatajie hilo kwa upole na uweke kumbukumbu ya maneno yao na siku waliyoyasema.

Je, mgongo uliochakaa polepole, usio na siku ya ajali? Huu ni mgumu zaidi kuudai, ila WIBA inagusa pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mwombe daktari aandike historia ya kazi yako kwa mapana: miaka mingapi, mizigo ya uzito gani, mara ngapi kwa siku. Na kila mara unapoumia ukapona, ripoti. Ripoti tatu ndogo za miaka mitatu zinaeleza zaidi ya dai moja kubwa la mwisho.

Daktari akikuruhusu kurudi kwa kazi nyepesi, mwambie aandike wepesi huo ni upi: asibebe zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya saa kadhaa, asipande ngazi. Neno “nyepesi” peke yake kila msimamizi analitafsiri atakavyo, na wapo waliorudishwa kwenye lori siku ya pili.

Msomaji wa Tanzania Bara ana mlango wake, tofauti na huu. Kule mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015, na mchango hautoki kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfuko ndio unaolipa: asilimia 70 ya mapato wakati wa ulemavu wa muda, kwa muda usiozidi miezi 24, na kwa ulemavu wa kudumu, unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, ulio chini ya hapo hulipwa mkupuo. Ujumbe wa siku ya kwanza, mashahidi na karatasi ya daktari vina kazi ile ile huko kama ilivyo huku.

Kama uliumia ndani ya miezi 12 iliyopita na hukuandika lolote, bado hujachelewa. Leo mwandikie mwajiri ujumbe ukitaja siku uliyoumia, kesho watafute waliokuona, na wiki hii hii ufike ofisi ya Usalama na Afya Kazini ya kaunti yako. Usingoje mgongo upone kwanza.